Ratiba ya kivuko ndiyo bei ya mkulima wa kisiwani

Na Mwandishi Wetu

WAKULIMA na wafanyabiashara wadogo wa visiwani wanapozungumzia kero ya usafiri, jambo la kwanza kutajwa huwa ni nauli. Nauli ikipanda hata kwa shilingi mia chache, malalamiko husikika kuanzia gatini hadi kwenye kikao cha baraza la madiwani.

Hata hivyo, ukikaa na mfanyabiashara wa machungwa au mihogo na kupiga naye hesabu ya safari nzima, kuanzia shambani hadi sokoni, utakuta kwamba nauli siyo inayomnyang'anya fedha nyingi zaidi. Kinachomnyang'anya ni siku ile ambayo chombo hakikuja.

Makala haya yanautazama usafiri wa visiwani kwa jicho hilo, yakitumia mfano wa Wilaya ya Ukerewe katika Ziwa Victoria, ambako tatizo la usafiri limegharimu mali, na mwaka 2018 likagharimu maisha ya watu.

Kisiwa chenye mali, soko liko ng'ambo

Ukerewe, iliyo katika Mkoa wa Mwanza, ni wilaya ya visiwa 38, vikubwa na vidogo. Kisiwa chenyewe cha Ukerewe, chenye makao makuu ya wilaya katika mji wa Nansio, ndicho kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Victoria. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 345,147 katika wilaya hiyo.

Watu hao wanalima mihogo, viazi vitamu, mpunga na machungwa, na wanavua sangara, sato na dagaa. Kaskazini kuna Kisiwa cha Ukara, ambacho wataalamu wa kilimo wamekiandika kwa miaka mingi kutokana na bidii ya wakulima wake. Kwa sababu ardhi ni finyu, Wakara wamezoea kufuga ng'ombe zizini ndani ya makazi yao ili kupata samadi, na kupanda marejea pamoja na uwele ili kurutubisha udongo.

Kwa maneno mengine, uzalishaji upo. Kinachokosekana ni uhakika wa kufikisha mazao sokoni.

Njia za kutoka ni chache. Kuna meli ya kutoka Nansio kwenda Mwanza mjini, safari inayochukua saa kadhaa. Kuna kivuko cha kati ya Rugezi na Kisorya, kinachokiunganisha kisiwa na barabara ya kwenda Bunda. Anayetoka Ukara hulazimika kwanza kuvuka kutoka Bwisya hadi Bugolora, upande wa Kisiwa cha Ukerewe, ndipo aanze safari ya pili. Nje ya hapo, ni boti na mitumbwi ya watu binafsi.

Samaki kwa kiasi fulani wamepata njia yao. Wanunuzi wa sangara hutuma boti zenye barafu hadi kambini, kwa sababu viwanda vya Mwanza vinamhitaji samaki huyo akiwa hajaharibika. Dagaa wakishakauka vizuri huweza kusubiri siku chache kabla ya kupelekwa Soko la Mwaloni, Kirumba. Chungwa halina mnunuzi wa kulifuata na barafu. Linasubiri chombo cha umma, na likisubiri mno linaoza.

Hesabu ya magunia 20

Tuchukue mfano ili msomaji aone jambo lenyewe lilivyo. Bei zilizotumika hapa ni za kukadiria tu, kila mmoja anaweza kuweka za kwake.

Tuseme mfanyabiashara wa Nansio amenunua magunia 20 ya machungwa kwa sh. 30,000 kila moja. Mtaji huo ni sh. 600,000. Kwa kila gunia analipa mkokoteni wa kufikisha gatini sh. 1,500, kupakia sh. 1,000, kusafirisha melini sh. 3,000, kushusha sh. 1,000 na ushuru sh. 2,000. Nauli yake mwenyewe na chakula, ukigawa kwa magunia yote, ni sh. 1,000 kwa gunia. Jumla ni sh. 9,500 kwa gunia, au sh. 190,000 kwa mzigo wote.

Chombo kikiondoka siku iliyopangwa na akauza Mwanza kwa sh. 50,000 kwa gunia, anapata sh. milioni moja. Akitoa gharama zote za sh. 790,000, anabaki na faida ya sh. 210,000.

Sasa tuseme chombo kimeharibika na mzigo umekaa gatini siku mbili. Magunia mawili yameoza. Yaliyobaki yanafika sokoni pamoja na mizigo ya wenzake wote waliokwama, kwa hiyo bei inashuka hadi sh. 42,000. Magunia 18 yanampa sh. 756,000. Gharama zimebaki zilezile, na zimeongezeka sh. 20,000 za kulala na kula siku mbili, hivyo kufikia sh. 810,000. Mfanyabiashara huyu amepata hasara ya sh. 54,000.

Angalia tena hesabu hiyo. Hata kama gharama ya kusafirisha melini ingepunguzwa nusu, kutoka sh. 3,000 hadi sh. 1,500 kwa gunia, angeokoa sh. 30,000 tu, na bado angekuwa na hasara ya sh. 24,000. Punguzo la nauli halikumwokoa. Chombo kufika siku yake kungemwokoa.

Hasara hiyo haiishii kwa mfanyabiashara. Aliyeumia mara mbili huenda shambani mara ya tatu akiwa na tahadhari. Badala ya sh. 30,000 anatoa sh. 22,000, akijikinga na siku ambayo chombo hakitakuja. Hivyo anayelipia ubovu wa ratiba mwishoni ni mkulima, ambaye huenda hata gatini hakufika.

Safari chache ndizo zinazojaza chombo

Ratiba isiyo na uhakika ina madhara mengine makubwa kuliko fedha.

Alhamisi ya Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa kufika gati la Bwisya, Ukara, kikitokea Bugolora. Ilikuwa siku ya gulio Bugolora. Kivuko hicho kilikuwa na uwezo wa kubeba abiria 101, magari matatu na tani 25 za mizigo. Watu waliopoteza maisha walifikia 228, na waliookolewa walikuwa 41. Ukijumlisha waliokufa na waliookolewa tu, unaona kwamba kilibeba zaidi ya mara mbili ya abiria wake. Rais John Magufuli alitangaza siku nne za maombolezo ya taifa.

Miaka 22 kabla ya hapo, Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa na abiria wengi kupita uwezo wake, na mamia ya watu walikufa. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa kwenye orodha, hivyo hata kuwahesabu marehemu ilikuwa kazi ngumu.

Baada ya ajali kama hizo ni rahisi kusema kwamba wananchi hawasikii, wanapenda kujazana. Lakini hebu jiweke katika nafasi ya mama aliyepeleka mihogo gulioni Bugolora, akauza, akanunua mahindi na sabuni za duka lake. Jua linazama, watoto wako Ukara. Akiambiwa chombo kimejaa asubiri kingine, atauliza kingine kinakuja saa ngapi. Kama jibu ni kesho, au halipo kabisa, atapanda.

Kwa hiyo, anayetaka kuzuia kujazana hana budi kuanza na idadi ya safari, hasa siku za gulio na msimu wa mavuno. Askari wa kuzuia watu gatini anahitajika, lakini hatafua dafu kama hakuna chombo kingine nyuma ya hicho kilichojaa. Ratiba ya uhakika inalinda bei na inalinda roho kwa wakati mmoja.

Lumbesa ni hatari hata majini

Wakulima wamekuwa wakilalamikia lumbesa kwa miaka mingi, kwa sababu gunia lililoshonewa kilemba linamwibia mkulima kilo zake. Sheria ya vipimo, inayosimamiwa na Wakala wa Vipimo, hairuhusu gunia la mazao kuzidi kilo 100.

Jambo ambalo halisemwi sana ni kwamba lumbesa inaweza pia kuzamisha chombo. Katika magati mengi madogo mizigo hupakiwa kwa kuhesabu magunia, bila kupima. Chukua kivuko chenye uwezo wa tani 25, na tuseme hakina gari hata moja. Nahodha akihesabu magunia 250 ataridhika, kwa kuwa magunia 250 ya kilo 100 ni tani 25 kamili. Lakini kama kila gunia ni lumbesa ya kilo 130, amepakia tani 32 na nusu. Amezidisha tani saba na nusu bila kujua, na abiria hawajapanda bado.

Mizani ya jukwaa gatini ingemaliza ubishi huo. Faida yake ingekuwa mara mbili: mkulima angejua kilo alizouza, na nahodha angejua uzito aliobeba.

Kilichofanyika, na pengo lililobaki

Si haki kusema hakuna kilichofanyika. Baada ya ajali ya 2018, serikali ilijenga kivuko kipya kwa ajili ya njia ya Bugolora na Ukara, MV Ukara II Hapa Kazi Tu, chenye uwezo wa kubeba abiria 300 na tani 100. Mwaka 2020 meli ya MV Butiama, iliyokuwa imesimama kwa miaka kadhaa, ilirudishwa majini baada ya ukarabati mkubwa ili kuhudumia Mwanza na Nansio, ikiwa na uwezo wa abiria 200 na tani 100 za mizigo.

Hayo ni maendeleo makubwa. Pengo lililobaki ni la chombo cha akiba. Mei 2024, MV Clarias, meli kongwe iliyowahi kuhudumia Nansio kwa miaka mingi, ilizama ikiwa imefungwa katika Bandari ya Mwanza Kaskazini. Tukio hilo linakumbusha kwamba kila chombo, hata kikiwa kipya namna gani, iko siku kitahitaji kupandishwa chelezoni, kubadilishiwa vipuri au kukaguliwa. Siku hiyo kisiwa chenye chombo kimoja hubaki na mitumbwi.

Hapa kuna jambo ambalo madiwani na wabunge wa visiwani wanaweza kulifuatilia. Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa tatu hivi. Kabla ya hapo magari na abiria katika njia hiyo walivushwa na vivuko. Ni vyema wananchi wa visiwani wakauliza vivuko hivyo vimepangiwa kazi gani, na kama kimojawapo kinaweza kuwa akiba ya kanda nzima ya ziwa.

Somo kutoka Kalangala

Jirani zetu wa Uganda wana visiwa vya Ssese, katika Wilaya ya Kalangala, ndani ya ziwa hilihili. Kisiwa kikubwa cha Bugala kilipoanza kilimo cha michikichi katika miaka ya 2000, wakulima wadogo walijiunga na mradi wakiwa na mashamba yao kuzunguka shamba kubwa la kampuni na kiwanda chake.

Chikichi ni zao lisilovumilia ucheleweshaji. Vikonyo vikishavunwa vinatakiwa kufika kiwandani haraka, la sivyo mafuta yanaharibika. Mafuta yenyewe yanatakiwa kuvuka kwenda bara. Ndiyo maana mradi ule haukuweza kuishia kwenye kugawa miche. Ulikwenda sambamba na mpango wa ubia kati ya serikali na sekta binafsi ulioleta vivuko viwili vya kubeba magari kati ya Bukakata na Luku, MV Pearl na MV Ssese, pamoja na barabara ya kilometa 66 kisiwani, umeme na maji. Abiria hawatozwi nauli katika vivuko hivyo, serikali ndiyo inayolipia huduma.

Mambo mawili yanafaa kuangaliwa hapo. La kwanza ni kwamba vivuko ni viwili, hivyo kimoja kikisimama, kingine kinaendelea. La pili ni kwamba kivuko na barabara vilipangwa pamoja. Kivuko kizuri kinachoishia kwenye barabara ya matope kinahamisha foleni tu kutoka majini kwenda nchi kavu.

Nauli nafuu pekee haitoshi

Wapo wanaosema dawa ni kushusha nauli. Nchini Scotland, kuanzia mwaka 2008, serikali ilijaribu mpango wa kukadiria nauli za vivuko vya visiwani kwa kulinganisha na gharama ya kuendesha gari umbali uleule barabarani. Mantiki yake ni nzuri: mkazi wa kisiwani asiadhibiwe kwa sababu njia yake ni ya maji. Baadaye mpango huo ulienezwa katika njia nyingine nyingi za visiwa vya pwani ya magharibi.

Nauli zilishuka, wasafiri wakaongezeka, hasa watalii wenye magari. Lakini vyombo havikuongezeka kwa kasi hiyohiyo, na vilivyokuwepo vingi vilikuwa vimezeeka. Matokeo yake wenyeji katika baadhi ya njia walijikuta wakikosa nafasi melini wakati wa msimu wa utalii.

Funzo kwa visiwa vyetu ni kwamba utaratibu wa hatua una maana. Kwanza safari ziwe za kutosha na za uhakika, kisha nauli ishushwe. Ukigeuza utaratibu huo, unaleta foleni ndefu zaidi mbele ya chombo kilekile.

Nini kifanyike

Kwa upande wa serikali na wakala wanaoendesha vivuko, mambo manne yangeleta nafuu ya haraka.

Mosi, ratiba ibandikwe gatini, ikionyesha safari za kawaida na za nyongeza siku za gulio. Chombo kikiharibika, taarifa itumwe kwa simu kwa wenyeviti wa vijiji na viongozi wa vikundi mapema, ili mkulima asichume machungwa ambayo hayataondoka. Tunda likiwa juu ya mti linaweza kusubiri siku mbili, likishaingia kwenye gunia linaanza kuhesabu saa.

Pili, kila gati liwe na mizani, banda lenye kivuli na hewa ya kutosha kwa ajili ya mazao, na ubao unaoonyesha bei za mizigo kwa kilo. Bei ikiandikwa, ubishi na malipo yasiyo na stakabadhi hupungua.

Tatu, matengenezo makubwa ya vyombo yapangwe nje ya msimu wa mavuno na yatangazwe mapema, na chombo cha akiba kifike kabla cha kwanza hakijaondolewa.

Nne, kila abiria aandikwe jina na kila mzigo uandikwe uzito. Orodha hiyo ni kinga ya abiria, na ni takwimu za kumwonyesha mpangaji wa bajeti ni tani ngapi zinavuka kila mwezi.

Kwa upande wa wakulima na wafanyabiashara, yapo yanayowezekana bila kusubiri bajeti.

Jiungeni katika vikundi vya kusafirisha. Watu kumi wenye magunia mawili mawili wanaweza kumtuma mmoja kwenda Mwanza na mzigo wa wote. Wanaokoa nauli tisa, na chombo kinapungukiwa abiria tisa.

Acheni lumbesa. Gunia la kilo 100 au pungufu ni rahisi kubeba, ni halali na linapimika.

Wekeni kumbukumbu. Daftari la sh. 1,000 linatosha kuandika tarehe ambayo mzigo ulifika gatini, tarehe ulioondoka, kilichooza na bei iliyopatikana. Vikundi vya BMU katika mialo vimezoea kuweka rekodi za samaki, na watumiaji wa gati wanaweza kuunda kamati ya namna hiyo. Diwani anayesimama barazani na daftari la miezi sita, lenye siku ambazo chombo hakikuja na hasara iliyotokea, ni vigumu kumjibu kwa maneno matupu.

Chukua tiketi yenye jina lako na uitunze, pia dai stakabadhi ya mzigo. Bila hivyo, mali ikipotea huna pa kuanzia.

Mwisho, kikundi kinachosafirisha pamoja kina nguvu ya kufanya jambo ambalo mtu mmoja hawezi: kukataa kwa pamoja kupakia mizigo kwenye chombo kilichojaa, na kudai safari ya pili. Nahodha anaweza kumpuuza abiria mmoja mwoga. Hawezi kuwapuuza wenye mizigo wote wa siku ya gulio.

Wanaolima Ukara leo wanatumia samadi na marejea kuupa nguvu udongo uliolimwa na babu zao. Uvumilivu huo wa shambani unastahili chombo kinachoondoka kwa saa iliyoandikwa, na kinachofika gati la Bwisya na watu wake wote.